Aliyeandikwa Khadim

Marhoon bin Harub alikuwa mwalimu wa tarikh katika skuli moja ya mjini Unguja, na kila mwaka somo la kwanza aliwachorea wanafunzi wake ramani ile ile. Alianzia Gwadar, pwani ya Makran, akashuka Maskati, akavuka bahari hadi Mogadishu, Mombasa, Unguja na Kilwa, kisha chaki ikaingia bara mpaka kwenye maziwa. "Dola moja," akiwaambia, "mabara mawili, na bahari katikati kama ua wa nyumba." Juu ya watu waliobeba pembe na waliochuma karafuu za dola hiyo alikuwa na sentensi moja tu, nayo aliisoma haraka.

Marhoon alipozaliwa, mama yake alikuwa hoi kwa homa, hana tone la maziwa. Bi Kheiria, aliyekuwa binti wa watumwa wa shamba la babu yake Marhoon, alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja aitwaye Bakhit. Akawanyonyesha wote wawili. Kwa sheria ya dini wakawa ndugu, na kwa kweli waliishi hivyo. Walitiwa chuoni pamoja, wakatahiriwa siku moja, na hata walipokua, mmoja mwalimu na mwengine mwashi, kila Ijumaa walikula sinia moja.

Mapinduzi yalipotokea Januari ya 1964, Bakhit alimficha Marhoon, mkewe Hind na binti yao mdogo Nasriya siku tisa katika kibanda chake cha Ng'ambo. Waliokuja na mapanga kutafuta Waarabu walimkuta yeye mlangoni, wakamwona mwenzao, wakapita. Bakhit angeweza kubaki. Hakuwa na ugomvi na mtu. Ni Marhoon aliyemwomba wafuatane. "Nnakwenda nchi nisiyoijua," alimwambia. "Usiniache peke yangu." Bakhit akauza zana zake za uashi, wakavuka hadi Mombasa, na huko wakapata meli.

Meli ilitia nanga nje ya bandari ya Maskati, chini ya majabali meusi, wakakaa siku tatu wakiitazama nchi waliyokuwa wakiitaja tangu utotoni kama kwao. Hakushuka mtu ila aliyedhaminiwa na shekhe wa kabila lake. Siku ya nne akapanda karani na daftari. Aliuliza jina, baba, babu, kabila. Watu wa mbele yao walishindwa kumtaja babu wa nne, wakaambiwa wangoje kando, na mpaka meli ilipoondoka walikuwa bado wanangoja kando.

Marhoon alijibu yote bila ya kukosea. Kisha karani akamwelekeza kalamu Bakhit, akauliza huyu ni nani.

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Lakini Marhoon aliziona tayari zile suali zitakazolifuata: ndugu kwa nani, nasaba yake ipi, mbona hamfanani. Alimwangalia Hind aliyekuwa amemshika mkono Nasriya, akasema, "Khadim wetu."

Karani akaandika bila ya kuinua kichwa.

Bakhit alilisikia, na maana yake aliijua: mtumwa wa nyumba. Walipokuwa kwenye mashua ya kuwapeleka pwani, alimgusa Marhoon begani. "Umefanya vyema," alisema. "Tupite kwanza. Mengine tutayasawazisha."

Shekhe aliyewadhamini, Shekhe Thani, alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno. Aliwapa vyumba viwili vya juu katika nyumba kuukuu ndani ya ukuta wa mji, na mchele na samaki wa kila siku. Haukupita mwezi, akaja msimamizi wake. Bustani ya Shekhe kule Azaiba ina upungufu wa mikono, alisema, na aliyeandikwa khadim hufanya kazi pale kabila linapomhitaji. Siku zile katika nchi hiyo mtu alikuwa bado akimilikiwa, na neno lililokwisha kuandikwa lilifunga kama kamba. Bakhit akamtazama Marhoon. Marhoon akamwambia aende siku chache tu. Ijumaa atazungumza na Shekhe mwenyewe.

Na Ijumaa alikwenda. Aliingia barzani amekwisha kuyapanga maneno yake kwa Kiarabu, maana Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni na alihofia kujikwaa. Ikazungushwa kahawa. Kabla hajafungua kinywa, Shekhe aliwaambia waliokuwepo kwamba mgeni wao ni mwanachuoni wa tarikh, akamtaka awasimulie habari za Unguja na za dola ilivyokuwa. Marhoon alianza kwa adabu. Kidogo kidogo sauti ikamkaa. Akawataja manahodha, akazitaja ngome, akawapeleka mpaka kwenye maziwa na kuwarejesha, na wazee wale wenye majambia viunoni wakamsikiliza kimya kama wanafunzi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari kujihisi mtu mbele ya watu. Aliporudi nyumbani alikuwa bado na furaha ya kusikilizwa.

"Umemwambia?" aliuliza Hind.

Marhoon akasema wakati haukuwa muwafaka.

"Baba Nasriya, yule alisimama mlangoni siku tisa, na mapanga nje. Aliulizia wakati muwafaka?"

Marhoon akaahidi Ijumaa ya pili. Ijumaa ya pili Shekhe alikuwa na wageni kutoka Nizwa. Ya tatu, Marhoon aliombwa asimulie tena. Halafu zikawa Ijumaa tu, kama Ijumaa nyengine. Kila alipotaka kusema, aliufikiria mchele, na paa juu ya kichwa cha Nasriya, na wale watu waliongojeshwa kando melini.

Mwaka 1967 nchi ilianza kuuza mafuta, na kampuni ikatafuta watu wanaojua Kiingereza. Marhoon akapata kazi, akahamia Matrah katika nyumba ya kupanga. Sasa hakuwa akila cha Shekhe. Sababu ya kuogopa ilikuwa imekwisha, lakini mahala pake pamekaa aibu, maana kusema leo ni kukiri kwamba miaka mitatu alinyamaza.

Alikwenda Azaiba mwaka huo. Alimkuta Bakhit kisimani, akimswaga ng'ombe wa kuvutia maji, amekonda, viganja vimekuwa kama magome. Mtu mmoja wa bustanini alikuwa amekwisha kumnong'oneza Marhoon kwamba Bakhit alitorokea Matrah kutafuta kazi ya uashi, akarudishwa, akachapwa. Bakhit mwenyewe hakuligusia hilo.

"Sikuombi unikomboe," alisema. "Nnakuomba useme tu kuwa mie ndugu yako. Mbele ya watu, mara moja."

"Ijumaa hii, inshallah," alijibu Marhoon.

Bakhit akarudi kwa ng'ombe wake. Tangu siku hiyo Marhoon alikuwa akimpelekea nguo, majani ya chai na sukari kwa mkono wa dereva wa kampuni. Mwenyewe hakwenda tena.

Julai ya 1970 nchi ikapata mtawala mpya, na katika siku zilizofuata ikajulikana kwamba hakuna tena mtu wa kumilikiwa na mtu. Marhoon aliazima gari ya kazini akaenda Azaiba. Hakumkuta bustanini. Alimkuta ng'ambo ya pili ya njia, anajenga chumba cha mawe. Karibu naye mwanamke alikuwa akimpa maji mtoto. Alikuwa mkewe, Muhsina, ambaye Marhoon hata habari zake hakuwa nazo.

Marhoon alizungumza Kiswahili. Bakhit akamjibu kwa Kiarabu cha watu wa mashamba, cha haraka na kisicho na kosa, kilicho bora kuliko Kiarabu chote cha Marhoon. Marhoon akamwambia ana nyumba, ina nafasi, waje wote watatu. Akamwambia kosa lilikuwa lake tangu siku ya melini. Akamwomba msamaha.

Bakhit akaweka jiwe, akaligonga likae. Kisha akasema kwa Kiswahili:

"Mama alitunyonyesha pamoja, na hilo mie siwezi kulifuta wala wewe huwezi. Kusamehe nimekusamehe, sitaki kubeba na mzigo huo. Lakini kwako sitahamia, Marhoon. Miaka sita nikisikia gari nnainua kichwa, nikidhani ni wewe umekuja kunichukua. Mtu huchoka."

Kutoka hapo Marhoon hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Shekhe Thani, barza imejaa, akasema mbele ya wote kile ambacho hakikuwa na faida tena kwa mtu yeyote: kwamba Bakhit ni ndugu yake wa kunyonya, na kwamba alimwita khadim kwa woga.

Shekhe alikuwa amezeeka. Akasema taratibu kwamba hukumu ya maziwa inajulikana, na lau angaliambiwa ile Ijumaa ya kwanza, Bakhit angalirudishwa mjini kabla ya alasiri. "Nilikuona una neno," alimalizia. "Nikangoja. Ukatusimulia habari za dola."

Huenda alisema kweli, huenda alikuwa akijisafisha. Bustani ilikuwa yake, na aliyepiga alikuwa mtu wake. Marhoon hakupata kulijua hilo maisha yake yote, na hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko jingine lolote.

Idi ya mwaka ule Hind aliamua kwenda Azaiba na Nasriya, aliyekwisha kuwa mwari wa miaka kumi na minne. Alitia halua na nguo ya mtoto kwenye kikapu, akamwambia mumewe awapeleke. Marhoon alilisimamisha gari chini ya njia, akabaki ndani. Wanawake walipokewa kwa vigelegele, wakakaribishwa ndani ya chumba kipya, wakakaa mpaka adhuhuri. Walipotoka, Bakhit alikuja nao nusu ya njia, amembeba mwanawe. Akasimama hapo, akampungia mkono yule aliyekuwa garini, kama mtu anavyompungia jirani, akageuka kwenda msikitini.