Vimulimuli Wenye Haraka

Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumatatu. Mikeka ya nyumba yangu ilinuka kama soksi, na buti zangu za kazi nilizoziweka kabatini juzi tu zilikuwa zimeota ukungu. Sikujali. Nilikuwa nimerudi nyumbani, na jioni ile tungekwenda mtoni kutazama vimulimuli.

Misimu mitatu ya mvua ilikuwa imenipita nikiwa kaskazini, tukichimba handaki la barabara. Huko unaingia mlimani kungali giza na unatoka kumeshakuwa giza, hujui kama ni Juni au Novemba. Kitu kilichonishika nisichanganyikiwe ni simu ya Kiyoharu. Kila Juni alinipigia. "Wamejaa, Gen," alikuwa akisema. "Ungewaona! Ukingo mzima unawaka." Nami niliwasimulia wenzangu kambini mpaka wakanichoka. Mmoja aliniuliza kama hao wadudu nimewazaa mimi.

Kwa namna fulani, ndiyo. Tulipokuwa watoto, kijito chetu kilipigwa saruji pande zote mbili, na vimulimuli wakakaribia kwisha. Tulipokuwa watu wazima, mimi na Kiyoharu tukaamua kuwarudisha. Tulivunja saruji, tukabeba mawe, tukayafunga kwa nyavu za kamba. Tuliwabembeleza wenye majaruba ya mpunga waache kupulizia dawa. Tulifuga konokono weusi kwenye mabeseni ya kuogea, maana watoto wa vimulimuli wakiwa majini hula hao konokono, hawataki kingine. Kijiji kizima kilitucheka. Lakini wachache waliokuwa wamebaki wakazaana polepole. Hawakuwa wengi, ila walikuwa wetu, wa kijito hiki.

Mwaka ule mke wangu Natsue alipoumwa, nilimbeba mgongoni mpaka darajani. Mmoja akaja kutua kwenye mkono wa kimono yake. Akawaka, akazima, akawaka. Natsue akamtazama sana, kisha akasema, "Huyu hana haraka. Anapumua kama mtu aliyelala. Hebu pumua naye." Tukapumua naye, yeye mgongoni na mimi chini yake. Alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijaisha.

Nilipokuwa naondoka kwenda kaskazini, nilimwambia Kiyoharu jambo moja tu, pale pale darajani. "Usilete wa kutoka nje. Wakipungua, waache. Wakiisha, niambie wameisha."

Akacheka. "Gen, mimi na wewe tumeogeshwa beseni moja. Nikudanganye kwa ajili ya mdudu?"

Basi siku ile nilichuma plamu mbichi za mti wangu, nikajaza kikapu, nikawapelekea akina Kiyoharu. Mkewe Kiyoharu, Fusae, alikuwa barazani anatengeneza achari, plamu zimetapakaa mbele yake kwenye ungo. Anachokoa kikonyo kwa kijiti, anafuta maji, anapanga kwenye mtungi, anarushia chumvi.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, karibu! Lo! Umekonda, shemeji. Huko handakini mlikuwa mnakula mawe?"

"Mawe tulikuwa tunayatoa. Tungekuwa tunayala, kazi ingeisha mapema."

Akacheka, akanisogezea mto nikae na kunimiminia chai. "Plamu zako kubwa mwaka huu. Mti wa mjane haukosi kuzaa."

"Angalau nyumbani kwangu yuko mmoja anayezaa. Mwenyekiti wa sherehe ya vimulimuli yuko wapi?"

"Mwenyekiti wako yuko mtoni tangu asubuhi, anafunga kamba za kuzuia watu. Hasemi na mtu. Nimemwuliza, mvua isipokatika tutaahirisha? Anajibu, 'Na inyeshe.' Mwaka jana wiki nzima alikuwa hatoki barazani, anaangalia mawingu kama mkulima wa pamba. Mwaka huu na inyeshe!" Akainua macho kwenye boriti ya baraza, kijiti kikamwanguka mkononi. "Khaa! Nani kamgeuza huyu?"

Nikatazama. Alikuwa mwanasesere wa kitambaa cheupe, kichwa mviringo, sketi inapepea, kama wanaotundikwa kila baraza msimu huu. Kichwa kikiwa juu, anaombea jua. Ukimning'iniza kichwa chini, unaomba mvua. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Na huyu alikuwa kichwa chini.

"Nilimtundika mwenyewe jana," alisema Fusae. "Wima."

"Labda paka."

"Paka wangu anajua kufunga fundo?"

Nilisimama niangalie. Kamba ilikuwa imezungushwa miguuni, ncha ikarudishwa na kufichwa chini ya mzunguko wake. Hilo ndilo fundo tulilokuwa tukifungia nyavu za mawe. Mimi ndiye niliyemfundisha Kiyoharu, na katika kijiji hiki hakuna mtu wa tatu anayelifunga hivyo.

Nilimfungua yule mwanasesere, nikamsimamisha wima, nikamwambia shemeji chai yake ni nzuri, nikaenda mtoni.

Kiyoharu alikuwa ukingoni na koti la mvua, maua ya bluu ya ajisai yamemfika kiunoni. Aliponiona alitabasamu haraka mno.

"Aa, Gen! Nilikuwa nataka kukuambia. Jioni usije. Goti lako hilo, na huku kunateleza. Kaa nyumbani, nitakuletea ngisi wa kuchoma."

"Nimetoka kaskazini kwa ajili ya ngisi?"

"Vimulimuli wenyewe hawatatoka. Tazama mbingu. Mvua hii haikatiki."

"Itakatika. Mwanasesere wenu alikuwa kichwa chini. Nimemgeuza."

Angekuwa Kiyoharu ninayemjua, angetukana, angeuliza ni mshenzi gani aliyemgeuza. Hakuuliza. Aliinamia kamba yake, akaendelea kufunga.

Na mvua ikakatika. Ilikatika wakati wauza mahindi na ngisi wanawasha majiko, kama imeamriwa. Hewa ikabaki ya joto, nzito, bila upepo, mvuke unapanda kutoka majarubani. Jioni kama hiyo ndiyo yao. Watu walikuja kwa mabasi, pepeo za kujipepea mikononi, watoto kwenye mabega. Nilikwenda kusimama darajani, mahali pale pale niliposimama na Natsue mgongoni.

Taa zikazimwa. Watu wakanyamaza. Mmoja akawaka chini ya ajisai, mwingine ng'ambo, na ghafla ukingo mzima ukajaa. Sijawahi kuona wengi namna ile maishani mwangu. Watu walivuta pumzi kwa pamoja. "Jamani, wazuri!" alisema mama mmoja pembeni yangu, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

Hata mimi machozi yalinitoka. Kwa muda mfupi nilimwonea Kiyoharu haya kwa kumshuku.

Kisha nikajaribu kupumua nao, kama Natsue alivyonifundisha. Wakawaka, nikavuta pumzi. Kabla sijamaliza kuvuta wakawa wamezima na kuwaka tena. Nikaanza upya. Wakaniacha tena. Nilidhani macho yameharibika handakini. Nilishika ukingo wa daraja, nikajaribu mara nyingine, nikahema kama mtu aliyepandishwa ngazi za hekalu. Hawakuwa wakipumua. Walikuwa wanakimbia.

Nilikuwa nimewahi kuwaona hao. Ujanani nilibeba mizigo bandarini Hiroshima, na Juni tulikwenda kunywa kando ya mto. Watu wa huko magharibi mwa nchi wanaongea haraka, wanakula haraka, na hata vimulimuli wao wana haraka. Wa kwetu huku mashariki ni wa polepole. Mgeni aliyekuja na basi hajui tofauti, kwake mwanga ni mwanga. Sisi tuliowafuga tunajua.

Kiyoharu alikuja kusimama kando yangu. Nilimjua kwa harufu ya koti lake. Alisubiri kuona kama nimeona.

"Wametoka wapi?" niliuliza.

"Gen, si hapa."

"Hapa hapa. Wametoka wapi?"

Alisubiri mtoto mmoja apite akikimbiza mwanga. "Magharibi," alisema. "Kwenye maboksi. Wanaletwa na gari la vifurushi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule ulipoondoka. Maji yalijaa, yakachukua konokono wote, yakachukua mpaka yale mawe ya chini. Kila jioni nilizunguka na tochi. Nikaona mmoja, siku nyingine wawili, kisha sikuona tena. Na wageni walikuwa wameshaanza kuja, kijiji kimeshazoea. Na wewe..."

"Mimi nini?"

"Wewe ulikuwa ndio umemzika Natsue. Uko ndani ya mlima peke yako. Ningekupigia nikuambie nini?"

"Wameisha. Neno moja. Nilikupa mwenyewe la kusema."

"Nilikuhurumia, Gen."

"Ulijihurumia. Mimi uliniacha nikijisifu kambini kama punguani. Kila mwaka uliinua simu, ukanidanganya, ukaweka simu, ukaenda kula."

"Sema polepole, watu..."

"Na leo ukaenda kumfunga mwanasesere wa mkeo kichwa chini! Mzee mzima mwenye wajukuu. Uliona kunidanganya tena ni kazi, ukaiomba mvua ikusaidie."

Mwanga mwingi ulikuwa ukiwaka na kuzima usoni mwake, haraka haraka, nikawa simwoni vizuri.

"Watu wanafurahi," alisema mwishowe. "Watazame tu."

"Ungewanunulia taa za umeme. Taa hazizaani na wa kwetu."

"Wa kwetu hawapo."

"Una hakika?"

"Sina," alisema.

Nikamwacha hapo. Juu ya kijito kuna banio dogo la mawe la kuzuia maji, na juu yake maji yanapita kwenye mianzi, mahali ambapo wageni hawapelekwi. Kama mafuriko yalibakiza kitu, kitakuwa huko. Nikaanza kupanda.

"Gen! Goti!" aliita nyuma yangu.

"Goti si lako!"

Huko juu kulikuwa giza kabisa, maua ya miti ya chesnati yananuka, vyura wanapigiana kelele. Nilikaa juu ya jiwe tulilolibeba wawili, siku ile lilipomponda Kiyoharu kidole cha mguu akaimba kwa maumivu mpaka tukacheka wote. Nikasubiri. Akaja mmoja kutoka bondeni, mbio mbio. Akaja mwingine, wa aina ile ile. Walikuwa wameshapanda banio. Walikuwa kila mahali sasa. Nilisema kwa sauti, "Natsue, hawapo," nikajisikia mjinga.

Nilipokuwa nainuka, ndipo nikamwona, chini kabisa kwenye majani ya kangaga, karibu na maji. Mwanga ulikuja, ukakaa, ukaondoka bila haraka. Nikavuta pumzi. Nikaitoa. Akawaka tena, na pumzi yangu ikatosha sawasawa, haikubaki wala haikupungua. Nikakaa nikapumua naye mpaka kifua kikatulia.

Alikuwa mmoja. Alikuwa anaita jike, ndiyo kazi yao. Wale wengine walimpita juu, na kwenye majani hakuna aliyemwitikia.

Kisha nikasikia hatua za kuteleza na mtu akitukana mizizi. Kiyoharu. Tochi yake ilikuwa inamulika matope. Sikufikiri. Nilisimama mbele ya lile kangaga, nikaligeuzia mgongo, nikatanua koti langu.

Alifika akihema, suruali imejaa tope mpaka mapajani. Hakuinua tochi.

"Yupo?" aliuliza.

Aliuliza kama mtoto anayesubiri aambiwe kama mama yake bado ana hasira. Alitaka awepo, hilo nalijua. Ningemwambia yupo, angelia kwa furaha na kunikumbatia. Na kesho asubuhi angerudi hapa na kamba zake, na kibao, na kipaza sauti, awaambie watu wa mabasi kwamba juu ya banio yuko wa asili. Angefanya hivyo kwa moyo mweupe. Maboksi pia aliyaleta kwa moyo mweupe.

"Hayupo," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Umewamaliza."

Akakaa chini kwenye tope, akaweka tochi, akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kumtikisika. Tangu tulipokuwa kwenye lile beseni sikuwahi kumwambia mtu huyu uongo, hata wa kucheza karata. Nilimtazama akilia. Nilisubiri nimwonee huruma, haikuja. Nilichokuwa nacho ni hofu tu kwamba atainua kichwa. Maana nyuma yangu, pembeni mwa mguu wangu, majani yalikuwa yakipata nuru na kuipoteza, taratibu.

Tone likanipiga mkononi, kisha jingine. Bondeni tulisikia watu wakipiga makelele na kukimbilia mabasi.

Kiyoharu alifuta pua kwa mkono wa koti. "Inaanza tena," alisema.

"Na inyeshe," nikasema. "Tangulia wewe na tochi."