Kijiti, Kisahani na Shikamoo Moja

"Mkono huu," alisema Gia Tano, akiunyanyua juu ili gereji nzima iuone, "haujawahi kushika racheti ya kisahani, na hautashika mpaka siku unafukiwa."

Maneno hayo tuyaweke pembeni kwanza, maana hayakuishi hata saa moja.

Gia Tano alikuwa fundi wa siku nyingi, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukuwa na gia za chini. Akianza kuongea, tayari yuko kasi. Asubuhi hiyo alikuwa anaongea habari za racheti, ile spana inayolegeza nati kwa kwenda na kurudi, kre-kre-kre, bila kuing'oa kwenye nati yenyewe. Kichwani mwake ina swichi ndogo: ukiigeuza huku inalegeza, ukiigeuza kule inakaza. Sasa swichi hiyo kuna watu wanaipenda iwe kijiti kinachochomoza kama ulimi wa mtoto mtundu, na kuna watu wanaipenda iwe kisahani cha duara kinachozungushwa kwa kidole gumba. Mtu wa nje angeona ni jambo dogo. Katika gereji ile watu walikuwa wameshanuniana wiki nzima kwa ajili yake.

"Mkono huo huo," alijibu Shemeji kutoka chini ya gari, "ndio uliovunja birika la dada, ukasema ni paka. Na nyumba yenyewe haina paka."

Shemeji alikuwa binti, mdogo wake mke wa Gia Tano, na fundi wa breki pale pale gerejini. Alikuwa mtu wa kisahani, damu na mifupa.

"Kijiti unakiona," Gia Tano aliendelea, kana kwamba suala la birika lilimhusu mtu mwingine. "Mkono una grisi, una jasho, kijiti unakisukuma tu, tik, kimekubali. Kisahani chako ukikishika na grisi ni kama kumshika kambare."

"Kijiti chako kinakwaruza kila kitu, kinanasa glavu, kinanasa waya. Siku ile kilininasa hereni."

"Nani alikwambia uje kutengeneza magari na hereni?"

"Dada yangu. Alisema lazima mmoja wetu kwenye familia apendeze."

Fundi wa umeme, aliyekuwa ameketi juu ya tairi akichuna waya, alijaribu kusema kwamba zipo pia racheti za kitufe, unakibonyeza upande huu kinatokea upande ule, na kwamba kwa maoni yake... Hakuna aliyetaka maoni yake. Akarudi kwenye waya.

Hapo ndipo Shangazi alipotoka ofisini, kalamu nyuma ya sikio, simu mkononi. Alikuwa shangazi wa Gia Tano wa kuzaliwa na shangazi wa watu wote wengine kwa mazoea, na gereji ilikuwa yake.

"Muuza vifaa yuko kwenye laini," alisema. "Anatuletea racheti sita, zote za aina moja. Nimechoka na kabati ambalo kila mtu ana yake na kila mtu anaapa ya mwenzake ni takataka. Semeni, kijiti au kisahani?"

Walisema. Walisema wote kwa pamoja mpaka Shangazi akaifunika simu kwa kiganja ili muuza vifaa asidhani kuna ajali.

"Basi tushindane," alisema Gia Tano. Na kwa kuwa mdomo wake ulikuwa tayari uko gia ya tano, breki zikakataa. "Na atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo. Kila asubuhi, mbele ya watu, mpaka hizo racheti mpya zife."

Watu wakaligeukia kabati. Racheti za zamani zilikuwa zimedumu miaka kumi na minne.

Ni lazima tueleze hapa kwamba Gia Tano alikuwa amemzidi Shemeji miaka tisa na kwamba, tangu amwoe dada yake, hajawahi kupata hata shikamoo moja kutoka kwa binti huyu. Alipata "vipi". Alipata "umeamka?" Siku ya harusi yenyewe alipata "wewe, sogea, unaziba picha". Wengine wanatamani nyumba, wengine shamba. Yeye alitamani shikamoo hiyo. Usiku mwingine aliwaza hata sauti atakayoitikia nayo: marahaba ya taratibu, nzito, ya mtu aliyekomaa.

"Nimekubali," alisema Shemeji, akitoka chini ya gari huku akipangusa mikono. "Ila ukishindwa, utainama kidogo."

Gari la mashindano likawa la Mwalimu. Mwalimu alikuwa mstaafu, na sakafu ya gari lake ilikuwa imelowa, kwa hiyo viti viwili vya mbele vilitakiwa kutolewa ili zulia likaushwe. Kila kiti kilishikwa na nati nne. Tatizo ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa kushuka. Alisema aliwahi kumwachia fundi gari kwa saa moja, akaja kulikuta limebadilika tabia. Hivyo alijilaza kiti cha nyuma, gazeti usoni, akawa anakoroma kama mashine ya kusaga.

"Msimwamshe," alisema Shangazi. "Mhesabuni kama mzigo."

Shemeji alianza. Fundi wa umeme, kwa kuwa hakuwa na upande, alipewa saa. Kisahani kikaimba ndani ya gari, laini, krii-krii-krii, na haukupita muda akatoka amekikumbatia kiti kama anacheza nacho muziki. Racheti yake aliiacha humo humo sakafuni, maana mikono ilikuwa imejaa.

"Dakika nne na sekunde kumi," alisema fundi wa umeme.

"Kwa kisahani si mbaya," alisema Gia Tano. "Hata kobe huwa anafika."

Akaingia. Akafunga milango, eti vumbi lisimsumbue Mwalimu. Vioo vya gari vilikuwa vimegandwa na tope, kwa hiyo waliobaki nje waliona kivuli tu.

Nati ya kwanza ilitoka kama imemsubiri. Ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Gia Tano akaanza kuimba moyoni, tena wimbo wenyewe ulikuwa na neno moja tu, marahaba. Akapiga magoti nyuma ya kiti, miguuni kwa Mwalimu, na kuifikia nati ya nne, iliyojibanza kati ya reli ya kiti na breki ya mkono. Racheti iliingia kwa shida. Akavuta, akarudisha, akavuta, akarudisha. Kre-kre-kre. Akavuta tena kwa raha zake, mpaka alipohisi jambo la ajabu: nati ilikuwa imekaza kuliko alivyoikuta.

Kijiti kilikuwa kinagonga reli. Kila alipoupeleka mkono, kilijigeuza chenyewe kimya kimya kutoka kulegeza kwenda kukaza. Akakirudisha, nati ikalegea mizunguko miwili. Tik. Akaikaza miwili. Akakirudisha. Tik. Alikuwa anafanya kazi kubwa sana na kufika pale pale alipoanzia.

"Dakika tatu," ilisema sauti ya nje.

Jasho lilimtoka hata nyuma ya masikio. Akaiona asubuhi ya kesho: yeye mlangoni, ameinama kidogo. Akaziona asubuhi zote za miaka kumi na minne zimejipanga nyuma ya hiyo ya kesho. Ndipo jicho lake likaangukia sakafuni. Racheti ya Shemeji ilikuwa imelala pale, kisahani kinang'aa.

Alitazama kioo. Tope. Alimtazama Mwalimu. Gazeti lilikuwa linapanda na kushuka, koromo liko palepale.

Akaichukua.

Kidole gumba kikazungusha kisahani, na kisahani kikakubali bila ubishi. Kichwa cha racheti kikapenya kwenye ule upenyo kama kilipimiwa. Krii-krii-krii. Hakuna kilichogonga, hakuna kilichonasa. Nati ikatoka ikiteleza, na Gia Tano, peke yake ndani ya gari, akajikuta anatabasamu kama mtu aliyeonjeshwa kitu.

"Aisee," alinong'ona. "Tamu hii."

Koromo likakatika, kisha likaendelea. Yeye tayari alikuwa amesukuma mlango kwa mguu, kiti begani, racheti yake ya kijiti imeinuliwa juu kama kombe.

"Dakika nne kasoro sekunde mbili," alisema fundi wa umeme.

Gia Tano alilizunguka gari mara mbili. Alimpa mkono kila mtu, pamoja na mteja aliyekuwa amekuja kujaza upepo tu. "Kijiti, jamani. Nilisema. Kijiti hakijawahi kumwangusha mtu."

"Mbona mwishoni racheti yako ilikuwa inaimba kama yangu?" aliuliza Shemeji.

"Masikio ya aliyeshindwa hayo. Yatapoa. Shangazi, andika."

Shangazi alikuwa ameshaiweka simu sikioni. Shemeji alipangusa mikono polepole, akavuta pumzi, akasogea mbele ya shemeji yake. Alikuwa mtu wa neno lake. Gia Tano akasafisha koo, akashusha mabega, akaandaa ile sauti nzito.

"Shi..." alianza Shemeji.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Mwalimu akashuka, gazeti limekunjwa kwapani, mkononi racheti ya kisahani.

"Binti," alisema, "hii ni yako?"

"Ndiyo, Mwalimu. Niliisahau ndani."

"Mwenzako hakuisahau. Nati ya nne ameitoa kwa hii. Akaisifu, tena. Alisema, 'Aisee, tamu hii.'"

"Mwalimu, wewe ulikuwa umelala," alisema Gia Tano, kwa gia ya kwanza.

"Nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja," alisema Mwalimu. "Nilianza kukoroma mwaka wa pili. Hakuna msimamizi anayeona mengi kama anayekoroma."

Shangazi alizungumza kwenye simu bila kumtazama mtu. "Kisahani. Ndiyo, zote sita."

Shemeji alimrudia Gia Tano. Alifunga mikono kifuani, akainamisha sikio, marahaba imeshamjaa mdomoni.

Gia Tano alirudi nyuma hatua moja. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akamgeukia mzee haraka na kuinama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alijibu Mwalimu. "Umeanza vizuri. Sasa geukia upande wa pili."