Springi za Shangazi

Mtoto wa kaka yangu aliniletea boksi la vipuri huku akitabasamu kupita kiasi, na tabasamu la namna hiyo mimi silipendi.

Injini ilikuwa mezani, imefumuliwa. Jumamosi ni mbio za magari za kupanda mlima, na safari hii naendesha mimi, si marehemu mume wangu, niliyemfungia injini maisha yake yote huku yeye akibeba vikombe. Ukoo mzima umenuna. Wanune hadi wachoke.

Nikafungua boksi. Pistoni za kumimina, za kawaida kabisa, vichwa vimebonyea kama sahani ya supu. Mimi niliagiza za madini yaliyofuliwa, zinazohimili moto na mgandamizo mkubwa. Nikachukua springi moja ya vali, nikaibana kwenye jiriwa. Ikanywea bila ubishi.

"Hizi ni za gari la kupeleka watoto shule," nikasema. "Injini ikichanganya, vali zitachelewa kufunga, nguvu ikate katikati ya mlima. Unanichezea?"

"Shangazi, dukani hakukuwa na nyingine."

"Weee! Duka lilelile ulikonunua zako?"

Akakuna kisogo. Yeye ndiye bingwa wa mlima ule tangu mume wangu afariki, na injini yake niliifunga mimi, kwa mikono hii.

"Ni umri, Shangazi. Baba anasema tutakuja kukuzika."

"Baba yako alianza kunizika siku niliyofiwa na mume. Achana naye. Niambie wewe: unaogopa kunizika, au unaogopa kubaki nyuma yangu?"

Akainamisha uso. Hapo nikajua, na iliniuma, sitaficha. Mtoto niliyemshikisha spana kabla hajajua kufunga kamba za viatu!

Nikafunga boksi, nikamsukumia kifuani. "Rudisha. Nataka pistoni kama zako na springi kama zako, zisizidi, zisipungue. Zisipofika leo, nafungua injini yako nachomoa mwenyewe. Unajua naweza."

Anajua sana. Akafika mlangoni na boksi lake, akageuka.

"Na ukinishinda, Shangazi?"

"Utasimama pale juu unipigie makofi," nikamwambia. "Kama nilivyokupigia wewe miaka yote, nikiwa na grisi hadi viwikoni."