Mzigo wa Capulí

Nazaria Ccorimanya alikuwa na hasira tangu asubuhi walipoondoka Choquequirao, na sababu ilikuwa moja tu: kijana ambaye yeye Nazaria alimnyoa utotoni kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemwambia, mbele ya mpishi, kwamba farasi si wake.

Na kweli hakuwa wake. Hapo ndipo palipouma. Kwao mtoto hukaa na nywele za kuzaliwa mpaka atimize miaka mitatu au minne, kisha siku ya sherehe mama wa kunyoa, ambaye si mama mzazi, hukata kishungi cha kwanza, na akishakata hutoa mnyama. Edilberto, ndiye kijana huyo, alipokatwa kishungi chake, Nazaria alitoa mwanafarasi jike. Yule alikua, akamzaa Chaska, na kwa desturi uzao wote ni mali ya mtoto. Ila aliyemlisha Chaska, aliyemtibu kwato, aliyelala naye zizini wakati puma wanazunguka, ni Nazaria. Edilberto alikuwa mjini Cusco akisomea kuongoza wageni.

Chaska hakubeba kitu, hata kikombe. Kazi yake ilikuwa kutangulia na kengele shingoni. Nyumbu wanne wa Nazaria, na hapa nasema nyumbu wa punda na farasi, si wale wa mbugani, waliifuata kengele ile kama watoto wamfuatavyo mama yao sokoni. Ukungu ukishuka mpaka usione mkia wa aliye mbele yako, wao husikia kengele na kwenda. Huo ndio ufundi wote wa kazi hii. Edilberto aliujua tangu angali anakojoa kitandani, kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Asubuhi hiyo magofu ya Choquequirao yalikuwa nyuma yao, na ya Machu Picchu bado siku tano mbele. Wageni walikuwa sita. Mmoja wao, Bibi Hedwig, mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, miguu ilikuwa imemwishia nguvu tangu siku ya pili. Edilberto akamfuata Nazaria alipokuwa anafunga mizigo.

"Mama, yule bibi amechoka. Tumpandishe Chaska mpaka kambini Maizal."

"Chaska hapandwi."

"Ni leo tu, mama."

"Leo hapandwi na kesho hapandwi. Kampuni yako ilitakiwa ije na farasi wa wagonjwa. Yuko wapi?"

"Walisema hakuna haja."

"Basi waje wambebe wao mgongoni."

Teófilo, mpishi, alicheka mpaka sufuria zikagongana. Edilberto uso ukamwiva. Kijana wa mjini hapendi kuchekwa na mpishi.

"Kwani, mama," akasema polepole, "Chaska ni wa nani?"

Teófilo aliacha kucheka. Nazaria alikaza kamba ya mzigo, akaikaza tena ingawa ilikuwa imekaza.

"Siku ile nilikukata nywele," akasema. "Kumbe ningekukata ulimi."

Wakashuka mpaka Mto Mweupe, chini kabisa kwenye joto na usubi. Mtoni Nazaria aliwanywesha nyumbu, akaanza kusawazisha mizigo, kwa sababu mbele yao palikuwa na mwinuko wa kupanda kwa saa nne, wenye kona zaidi ya sitini. Alikuwa ameinama chini ya tumbo la nyumbu wa tatu aliposikia kengele ikienda.

Aliinuka. Kule juu, kona ya pili, Bibi Hedwig alikuwa ameketi juu ya Chaska kwenye ngozi ya kondoo, bila hata tandiko, na Edilberto anamvuta farasi kwa kamba. Alikuwa amesubiri Nazaria ainame.

"Edi! Mrudishe!"

Hakugeuka. Kwenye kona ya tatu bibi aliziba masikio kwa viganja viwili, maana kengele ilikuwa ikimpigia karibu na magoti na kichwa kilikuwa kinamuuma tangu asubuhi. Edilberto alivua kiatu, akavua soksi, akaisokomeza ndani ya kengele. Nazaria aliyaona yote hayo kutoka chini, wala hakuamini macho yake. Kengele ikanyamaza.

Nyumbu wote wanne waliinua masikio. Watatu walisimama wakitetemeka. Wa nne, Capulí, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mweusi kama tunda la jina lake, hakuweza kungoja. Hakufuata njia. Alikata moja kwa moja mlimani, kutoka kona hata kona, juu ya mawe yasiyoshika, na magunia mawili ya mahema mgongoni. Nazaria alimwita kwa jina. Capulí alifika karibu kabisa na kona ya tatu, mawe yakaondoka chini yake, akaja chini akibingirika mpaka jabali lilipomzuia.

Alikuwa hai. Mguu wa mbele ulikuwa umekatika, mfupa nje. Alimtazama Nazaria kana kwamba Nazaria ataurudisha.

Mambo mengine hayapewi mtu mwingine kuyafanya. Nazaria alipuliza majani matatu ya koka kuelekea mlima, ndiyo sadaka, akamshika Capulí sikio, akatumia kisu alichokuwa nacho kiunoni. Teófilo alishikilia kichwa, machozi yakimtoka bila aibu.

Edilberto alifika akihema, mguu mmoja hauna soksi. Akatazama damu. Akatazama magunia.

"Mahema yamepona?" akauliza.

Wasemao shukrani ya punda ni mateke hawajui mateke. Nazaria alikuwa amepigwa na nyumbu mara tatu maishani, mara moja mpaka mbavu zikavunjika, na hakuna teke lililomwingia kama swali lile. Alitaka kumpiga. Alitaka kumwokota kama alivyomwokota siku alipotumbukia kwenye mfereji akiwa na miaka mitano, halafu amrudishe mferejini. Alifuta kisu kwenye majani.

"Yamepona," akajibu.

Siku ile magunia yalifika Maizal kwa kugawana: Teófilo alibeba moja, Nazaria akabeba la pili. Edilberto alikuwa ametangulia na bibi. Huko Maizal, saa ya chai, jua bado liko juu ya theluji za upande wa pili, Bibi Hedwig alimjia Nazaria na kikombe mkononi na Kihispania chake cha kuokoteza.

"Pole sana, mama. Ninasikitika. Lakini mnyama mgonjwa si vizuri kumleta njiani. Edi ametueleza alikuwa anaumwa."

Nazaria alikipokea kikombe kwa sababu mgeni akikupa kitu hukikatai. Hakunywa. Alikwenda mpaka kwa Edilberto, akamkuta ameketi juu ya jiwe anaandika.

Karatasi ile kila mchunga nyumbu anaijua. Mnyama akianguka na mzigo wa mgeni, huandikwa karatasi ya chama cha wachunga, na mwenye kosa hukosa zamu misimu miwili. Akiwa mchunga, hapewi mzigo. Akiwa kiongozi wa wageni, hakodishiwi nyumbu, na kiongozi asiye na nyumbu kwenye njia hii hana safari. Kwa Nazaria, mjane, misimu miwili bila zamu maana yake ni kuuza nyumbu watatu waliobaki, na baada ya hapo kuchimbia watu viazi.

"Nimeandika vizuri tu, mama," Edilberto akasema, akamsomea. "'Mnyama aliteleza kwa sababu ya mawe mabovu. Hakuna mwenye kosa.' Weka dole gumba hapa."

"Nipe niione."

"Ya nini? Si nimekusomea?"

Alimpokonya. Edilberto alikuwa ameondoka kijijini miaka minane, hakujua kwamba miaka miwili iliyopita wanawake wa kijiji walikaa kwenye madawati ya watoto kila Jumapili, wakafundishwa. Nazaria alisoma polepole, kidole chini ya neno, midomo ikicheza. Karatasi ilisema: mchunga alimwacha farasi kiongozi bila uangalizi. Mnyama alikuwa dhaifu. Kosa la mchunga.

"Unajua kusoma?" Edilberto akauliza, sauti imeshuka.

"Najua. Na wewe unajua kuandika. Ndicho walichokufundisha huko?"

"Mama, nisikilize. Wewe una shamba. Mimi nikikosa njia hii nimekwisha, kampuni itanifukuza, nina kodi ya nyumba, mke wangu ni mjamzito..."

"Kwa hiyo ukaona umtafute mjinga."

"Sikusema mjinga."

"Umeandika."

Alimrudishia karatasi bila alama yoyote. "Kesho tunavuka mlima San Juan. Nyumbu wangu wana kilo arobaini kila mmoja, ndiyo sheria, siongezi hata kijiko. Chaska ana kidonda mgongoni, bibi yako amemchubua. Mzigo wa Capulí utaubeba wewe."

"Mimi? Mimi ni kiongozi!"

"Ongoza nao."

Edilberto alicheka, akidhani ni maneno ya hasira. Asubuhi alikuta nyumbu wamekwisha fungwa, Chaska yuko mbele, kengele safi, na magunia mawili chini kwenye baridi. Bila mahema hakuna kulala Yanama, kituo cha usiku ule, na wageni walikuwa wanamtazama. Nazaria alikuwa amekwisha geuka, anapanda. Edilberto aliomba kitambaa kwa Teófilo, akayafunga magunia mgongoni kwa mbeleko kama walivyobeba babu zake, akasimama kwa shida.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Teófilo akamwambia akimpita na masufuria yake. "Leo ni wako, baba. Vipi usufi?"

Hakuna aliyemsaidia. Nazaria hakugeuka hata mara moja, ila alimsikia. Alimsikia pale njia inapopita kando ya mashimo ya zamani ya wachimba madini, akikohoa. Alimsikia akianguka kwa magoti na kuinuka. Mwili wake wote ulitaka kurudi kumshika, na jambo hilo likamzidishia hasira, maana nani alimpa kijana huyu haki ya kuhurumiwa?

Juu San Juan upepo ulikuwa mkali. Wageni, na Bibi Hedwig aliyepanda kwa miguu akiegemea fimbo, walikuwa wamejikunyata nyuma ya ukuta wa mawe, wanakula mahindi ya kukaanga. Edilberto alifika wa mwisho, midomo ya buluu, mikono imekufa ganzi hata asiweze kufungua fundo kifuani.

"Mama, nitue."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua. Useme kwa Kihispania, yule bibi asikie."

"Mama, naomba..."

"Sema, Edi."

Akasema. Alisema akiwa ameinama, anatazama viatu vyake. Kwamba nyumbu hakuwa mgonjwa. Kwamba mama alikataa, yeye akamchukua farasi kwa kuvizia. Kwamba soksi ilikuwa yake. Bibi Hedwig alitafsiri kwa wenzake kwa sauti ndogo, na katikati ya kutafsiri akaacha, akavua kofia, akaishika mkononi bila kujua aiweke wapi. Hakuomba radhi kwa maneno. Nazaria alimshukuru moyoni kwa hilo, kwani maneno alikuwa ameshayapata ya kutosha.

Ndipo akafungua fundo. Magunia yakaanguka. Akampa Edilberto kalamu na karatasi mpya, akasimama juu yake mpaka alipoandika neno la mwisho na kutia sahihi, kisha akaisoma yote, kidole chini ya kila neno, na upepo ukijaribu kumnyang'anya.

Edilberto alikuwa anapumua sasa. Rangi ilikuwa imemrudia. Hata tabasamu lilikuwa linatafuta njia.

"Haya, mama. Umeninyoosha, na nilistahili. Sasa tuichane, tuyamalize kinyumbani." Akaelekeza kidevu kule Chaska alikosimama. "Na mchukue Chaska, awe fidia ya Capulí."

"Unanilipa kwa nilichokupa?"

Nazaria aliikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kofia yake, akaivaa.

Walifika Yanama alasiri. Katibu wa chama, Hermelinda, alikuwa nje ya ofisi akimenya viazi. Aliosha mikono, akaisoma karatasi mara mbili, akamtazama Nazaria, akamtazama kijana aliyekuwa amesimama mbali kwenye uzio akiomba kwa macho.

"Misimu miwili," Hermelinda akasema. "Unajua itamfanya nini? Nikigonga muhuri haiondoki."

"Najua."

"Nazaria, mimi nilikuwepo siku ile. Huyu si mwanao uliyemnyoa?"

"Ndiye," Nazaria akasema. "Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningemsamehe kulekule juu. Gonga."

Hermelinda akagonga. Nazaria aliusubiri wino ukauke, kisha akaenda kuwafungua nyumbu, ambao walikuwa bado hawajanywa maji.