Hela ya Paji la Uso

Mwamvua alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haikuuzwa duka lolote la Shinyanga: kutaka kujua. Jambo likimpita pembeni, lazima alishike shati aliulize linakwenda wapi. Sasa hebu fikiri, mtu wa namna hiyo akae mwaka mzima hajui hela zilizobandikwa kwenye paji lake mwenyewe la uso ziko wapi!

Na zilibandikwa, usifanye mchezo. Ilikuwa mwaka sabini na mbili, pamba imejibu, na wakulima wakishalipwa walijaa ukumbini kucheza dansi. Mwamvua akipandisha sauti, watu wanapanga mstari kumtuza, noti zinanata kwenye jasho. Bendi za mji zilikuwa zimeunda chama na kukubaliana kwamba tuzo zote ziingie mfuko mmoja, ili siku moja wanunue vyombo vyao. Walichoka kukodi magitaa kwa mwenye baa, mtu ambaye akinuna tu anafunga stoo na dansi limekufa.

Mweka hazina alikuwa Nkwabi, mpiga besi, Msukuma mpole wa kutokea Ushetu. Aliyemdhamini mbele ya wanachama ni Mwamvua mwenyewe. "Huyu hata sukari ya mwenzake haonji," alisema. Lakini kila mkutano wakimuuliza hela ziko wapi, Nkwabi anajibu, "Zipo mahali pazuri." Mahali pazuri ndiyo wapi, jamani? Peponi? Minong'ono ikaanza. Mwishowe katibu, Shaaban, akasema waziwazi: asipozionyesha kabla ya Jumamosi, anapelekwa polisi.

Mwamvua akamfuata Nkwabi nyumbani. "Baba Mbuke, nilikudhamini kwa mdomo huu huu ninaoimbia. Nitauficha wapi ukiniaibisha?"

"Nikikwambia hutaamini, Mama Salehe. Twende ukaone."

Wakapanda basi hadi Kahama, kisha lori la tumbaku hadi Ushetu. Njia nzima Mwamvua alidadisi. Huko kuna benki? Hakuna. Umezifukia chini? Sijafukia. Umemkopesha mtu? Nkwabi anacheka tu. Jeuri gani hiyo!

Walipofika kwa Jilala, kaka yake Nkwabi, Nkwabi alimpeleka moja kwa moja zizini. "Hao hapo," akasema.

Ng'ombe! Majike walionona, ndama wakirukaruka ubavuni. Nkwabi alieleza huku anatabasamu: noti sandukuni hazizai, hawa wanazaa. Kwao mtu mwenye akili hununua ng'ombe akawaweka kwa ndugu. Ndugu anakunywa maziwa, mali inakua. Siku ya kununua vyombo, wanapelekwa mnadani. Hakusema kwa sababu watu wa mjini wangemcheka.

Mwamvua alicheka kweli, akacheka mpaka machozi yakamtoka kwa raha. Kumbe hakuiba! Roho yake ilitulia kabisa. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Jilala alipowafuata pale zizini, Mwamvua alimwamkia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mayu," Jilala aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kaka, hawa ng'ombe ni wa nani?"

Jilala alimshangaa. "Wa Nkwabi. Wa nani tena?"

"Wote hawa?"

"Wote wenye ndama. Kijiji kizima kinajua. Zamani alipokuwa kapuku na gitaa lake, nani alimwita kwenye kikao? Siku hizi mahari ya ukoo hatupangi bila yeye."

Mwamvua akamgeukia Nkwabi. Tabasamu la Nkwabi lilikuwa limetoweka.

"Baba Mbuke, ukifa leo?"

Nkwabi aligeuka kutazama ndama.

"Chama kije kudai kwa nani? Nani mwingine anajua?"

"Najua mimi."

"Ndiyo nakuuliza, wewe ukifa?" Sasa alikuwa amekasirika. "Hukuiba, sawa. Lakini mficha uchi hazai, Baba Mbuke, hata awe na zizi zima!"

Nkwabi akamwomba kaka yake awaite majirani. Wakaja, wazee na vijana, wakidhani mwenzao anataka kuoa mke wa pili.

"Hawa ng'ombe si wangu," Nkwabi alisema. "Ni wa chama cha wanamuziki wa Shinyanga. Ndama wao vilevile. Nikifa, msiwagawe kwenye urithi. Mama huyu ni shahidi."

Watu walitazamana.

"Na wako ni yupi?" Jilala aliuliza.

"Sina."

"Hata ndama?"

"Hata ndama, kaka."

Jilala alitikisa kichwa mbele ya watu wote. "Basi marehemu baba alisema kweli. Alisema hilo gitaa litakuacha huna hata mkia wa kushika."

Mmoja alicheka, na wenzake wakamfuata. Mzee mmoja alimgusa Nkwabi begani, kwa upole kabisa, akamwambia, "Kesho kwenye kikao usijisumbue kuja, mwanangu."

Mwamvua alilia pale pale kwenye samadi, hakujali nani anamwona. Alikuwa ameliokoa jina la Nkwabi kule mjini, na la hapa kwao alikuwa amelimaliza kwa mdomo wake mwenyewe.