Kila Mtu na Kiti Chake

Nilimtuma Julie apite nyumba thelathini za Panda, kambi ya wafanyakazi, na maneno haya tu: "Mama Eugénie anakuita Jumapili ku communion yangu. Ukuye na kiti yako." Julie ni binti yangu, ndiye aliyekuwa akipokea komunyo ya kwanza; alikuwa na miaka kumi, na aliona haya. Mimi sikuona.

Mwaka uliotangulia tulimbatiza mtoto wetu wa mwisho, Édouard. Ambroise, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye kwa heshima tunamwita yaya, ndiye aliyesimamia karamu: turubai, muziki, meza ya wakubwa, na mlango wazi kwa kila mpita njia. Walikula mfuko mzima wa unga, posho ya mwezi ambayo kampuni ilimpa mume wangu. Walinisifu mpaka nikavimba kichwa. Kesho yake nikabaki na sifa zangu na watoto wanne. Siku kumi na tisa, mpaka posho nyingine, walikula maembe mabichi na makombo ya majirani. Julie alijifunga kitambaa tumboni, akanieleza kwamba hivyo njaa inatulia. Nililia, kisha nikaapa.

Kwa hiyo safari hii nilipanga mwenyewe. Tangu Krismasi, kila posho ilipofika nilichota vikombe vichache nikaviweka kando, na huo ndio uliokuwa unga wa bukari, ugali wa karamu. Samaki wakavu alinitumia dada yangu Suzanne kutoka ziwani Tshangalele. Sombe, majani ya muhogo, nilichuma nyuma ya nyumba. Bia sikuitaka, nilipika munkoyo wa mahindi, pipa zima, kinywaji walichokunywa mama zetu na hakuna aliyekufa kwa aibu. Na viti sikuazima, maana viti vya kuazima huvunjika miguu, na ujirani huvunjika pamoja navyo. Isitoshe, kiti kilikuwa na kazi nyingine: ndicho kilichokuwa karatasi ya mwaliko.

Jumamosi Ambroise akaja, uso umekunjamana.

"Eugénie, ni kweli bantu batabeba viti ku fête?"

"Ni kweli, yaya. Muntu mwenye hana na kiti, minye sikumuita."

"Weye unajua Firmin anangojea ukapita! Nimeita mukubwa wa atelier yake. Atakaa ku nini?"

"Ku kiti yake."

"Mukubwa habebake kiti!"

"Basi, asimame."

Firmin mume wangu alikuwa pembeni, anang'arisha viatu. Kung'arisha kule kuliniuma kuliko makelele ya kaka yake, kwa sababu nilijua jinsi alivyoutamani ukapita ule, cheo cha usimamizi. Miaka kumi na moja alikuwa akiamrishwa karakanani na watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa, viti vikaja. Vilikuja juu ya vichwa na nyuma ya baiskeli. Mzee Michel, jirani yetu, alileta kiti chake cha kochi, kimebebwa na wakwe zake wawili, akakaa kama chifu. Watu walicheka, wakala, wakashiba. Nilikuwa nimeanza kuvua viatu nipumzike gari liliposimama mlangoni.

Mkubwa alishuka na abacost yake, suti ya wakubwa isiyo na tai, nyuma yake watu saba nisiowajua. Kiti, hata kigoda, hawakuwa nacho. Hakuna aliyeinuka kuwapisha, kwani kila mmoja alikuwa amekalia mali yake. Ambroise akachungulia sufuria, akaona zimebaki tupu, akaingia chumbani kwangu. Alitoka akiburuta mfuko mpya wa posho, haujafunguliwa.

"Bapike bukari ingine!"

Nilimpokonya ule mfuko, nikaulaza katikati ya uwanja, nikaukalia.

"Minye pia nimekuya na kiti yangu."

Watu wakaangua kicheko. Mkubwa akakohoa.

"Simama!" Ambroise alifoka. "Mukubwa anasimama, weye unakaa?"

"Hapa banakaa batoto bane, mwezi muzima. Akitaka munkoyo, iko. Lakini huu mufuko, hapana."

"Firmin! Ondosha bibi yako!"

Firmin akaweka kikombe chini. Akaja polepole na viatu vyake vinavyong'aa. Niliogopa, sifichi. Angenishika mkono, tungepigana mbele ya kambi nzima, siku ya communion ya mtoto wetu. Nilikaza vidole kwenye mfuko.

Akaniinamia.

"Sogea kidogo," alisema.

Nikasogea. Akaketi kando yangu.

"Mukubwa," akasema, "karibu munkoyo. Kiti njo hatuna."

Mkubwa alikunywa nusu kikombe, wima, akarudi garini na watu wake saba. Ambroise akawafuata akikimbia. Julie alikuja na gauni lake jeupe, akajibana kati yetu juu ya unga, na mzee Michel akaanzisha wimbo.

Ukapita ulimpita Firmin mwaka ule, na mwaka uliofuata ukampita tena. Mpaka leo Ambroise anatangaza kwa ndugu wote kwamba mimi ndiye niliyeukalia ukapita wa mume wangu. Kweli, niliukalia. Na asubuhi ya posho iliyofuata watoto wangu wanne walikuwa bado wanakula kutoka ndani ya mfuko ule.