Mikono ya Shemeji

Mimi ni beki wa kati. Usiniulize nimefunga mabao mangapi, utaniudhi bure. Kazi yangu ni kuzuia, na nimeifanya tangu ndevu hazijaota mpaka sasa zimeanza kuota mvi. Mashabiki waliniita Kitasa, jina likanikaa, hata mke wangu akikasirika ananiita hivyo hivyo. Na tangu nianze kulipwa kwa kucheza sikuwahi kujifunga. Mabeki wote wa ligi yetu wamejifunga, wengine kwa goti, wengine kwa kisogo. Mimi, thubutu!

Watu walidhani nina dawa. Sina dawa, nina shemeji. Golikipa wetu amemuoa dada yangu mdogo, na tumecheza pamoja kabla hajamwoa. Sasa elewa jambo moja kuhusu kazi yetu: beki haangalii nyuma. Macho yako kwa straika, na huko nyuma unasikiliza sauti ya kipa tu. Akisema "Wangu!" unainama, mpira unapita juu yako, anaudaka. Akisema "Toa!" unapiga kichwa. Sauti ile nimeitii kuliko ya mke wangu, na mke wangu analijua hilo, tumeshagombana sana.

Tatizo lilikuwa kichwa. Msimu huu niligongwa mara kadhaa, na daktari wa timu, mwanamke mfupi asiyecheka na mtu, akaweka sheria yake. Ukigongwa anakuja, anachuchumaa mbele yako, anauliza maswali ya kitoto: kipindi gani hiki, matokeo ni ngapi, nani kafunga. "Ukikosa hata moja, Kitasa," aliniambia, "nakutoa, nakupeleka ukapimwe kichwa. Na huko wakisema basi, ni basi." Basi! Anasema kama anayemkataza mtu sukari kwenye chai. Bila mpira mimi ni nani? Ninachojua duniani ni kufunga kamba za viatu na kuruka.

Ndiyo nikamwomba shemeji anisaidie. Daktari akichuchumaa mbele yangu, yeye anasimama nyuma ya daktari akijifanya anakunywa maji, na kwa zile glavu zake kubwa ananionyesha majibu. Mwanzo alikataa. Nikamwambia, nani alikutetea kwa baba siku ile ulipokuja kumtaka binti yake ukiwa umevaa jezi ya mazoezi? Akakubali. Toka hapo sikukosa swali.

Siku chache kabla ya mechi ninayoisimulia, nilipita kwao mchana. Nilikuwa nimemnunulia binti yao begi la shule, jekundu, lenye mifuko miwili. Mtoto akalipokea, akaniangalia, akasema, "Mjomba, hili la tatu unaniletea." Nikadhani ananitania. Akaenda chumbani akarudi nayo mengine mawili, mekundu yale yale, mifuko miwili miwili, akayapanga kwenye kochi. Nikacheka sana. Nikamwambia mtoto wewe una bahati, wenzako hawana hata moja. Shemeji akacheka kidogo. Dada yangu hakucheka. Alimtazama mumewe tu, akaingia jikoni, na nikasikia sufuria zikigongana kuliko kawaida.

Mechi ikafika. Tuko mbele moja bila, goli la Kipara, straika wetu. Karibu na mapumziko wakapata kona. Naruka, jitu lao moja nalo linaruka, vichwa vikakutana. Ko! Kuanzia hapo nachanganya niliyoyaona na niliyoelezwa, nivumilie.

Nimelala chali. Daktari kachuchumaa. "Kitasa, hiki ni kipindi gani?"

Jamani, sikujua. Na si kwamba nilisahau. Ukisahau kitu angalau una mahali pa kukitafuta. Mimi nilitafuta mahali penyewe nikapakosa. Nikatupa jicho juu ya bega lake. Kidole kimoja cha glavu.

"Cha kwanza," nikasema.

"Matokeo?"

Kidole kimoja mkono huu, ngumi mkono ule. "Moja bila, tunaongoza."

"Nani kafunga?"

Shemeji akajipapasa kichwani kama anayetafuta nywele zake. "Kipara."

Daktari akanikazia macho. Nilimwona hajaridhika, lakini atasema nini? "Haya, simama."

Mapumziko kocha alichora mishale ubaoni, na mishale ikawa inatembea. Niliitikia kwa kichwa kila aliponitazama. Tukatoka. Nikaenda kusimama pangu, palepale nilipocheza kipindi chote cha kwanza, nikavuta soksi, nikatema mate, nikajiweka sawa. Nyuma yangu nikasikia sauti nisiyoijua.

"Mzee, umehamia kwetu? Karibu, karibu!"

Kumbe tumebadilishana magoli na mimi nimebaki kulekule. Kipa wao anacheka, jukwaa linacheka, Kipara anapiga makofi, wote wanajua Kitasa ni mtu wa mizaha. Nami nikacheka. Ungefanya nini? Lakini sikujua niende wapi. Toka upande wa pili nikasikia, "Kitasa! Huku!" Nikaifuata sauti, na ilipokuwa nyuma yangu nikatulia kidogo.

Kutulia kwenyewe hakukudumu. Nilikuwa naona jezi zinapita, nikajiuliza nyeupe ndio sisi au ndio wao. Niliangalia kifua changu nikapata jibu, dakika moja baadaye nikaangalia tena. Nilitamani kukaa chini. Nilitaka mtu anishike mkono, mimi mtu mzima, mbele ya umati ule.

Kisha ikaja krosi kutoka kulia, mpira wa juu, mzuri. Nikasikia "Wangu!" Nilitakiwa kuinama, maisha yangu yote nimeinama. Lakini pale pale nikageuka, nikaliona goli mbele yangu, na nakuapia, nilijua kabisa kwamba lile ni goli lao, na yule anayepiga kelele ni kipa wao anayetaka kuninyima. Nikaruka. Sijawahi kupiga kichwa kizuri namna ile. Wavu ukatikisika.

Nikakimbia! Nikafungua mikono, nikaenda mpaka kwenye kibendera cha kona nikateleza kwa magoti, goli langu la kwanza, jamani, mzee mzima. Nikasubiri wenzangu waje kunirukia. Hakuna aliyekuja. Nikawaza, hawa wana nini leo, wivu? Kipara alikuwa ameshika kiuno, anatazama chini. Jukwaa la watu wetu kimya. Jukwaa la pili wanaruka, na mimi nikawapungia mkono, nikidhani wamenikubali.

Daktari alifika anahema. Akachuchumaa pale pale kwenye kona.

"Kitasa, matokeo sasa ni ngapi?"

Nikatazama juu ya bega lake. Shemeji alikuwa ameacha goli lake, amesimama pale nyuma yake kama siku zote. Nikasubiri vidole. Akaziweka glavu zote mbili nyuma ya mgongo.

Nikamkonyeza. Hakuzitoa. "Shemeji," nikasema kwa sauti, na daktari akageuka kumwangalia, "ngapi ngapi? Niambie basi, unanichelewesha."

Machozi yalikuwa yanamtoka, mwanaume yule, mbele ya watu wote. "Kaka," akasema, "kuna mabegi matatu nyumbani."

"Mabegi gani?" nikamuuliza.

Daktari akanyoosha mkono kuelekea benchi. Hakuuliza swali jingine. Shemeji akanishika kwapani, akaninyanyua, tukaanza kutoka sote wawili, refa akimpigia filimbi arudi golini na yeye hasikii. Alitembea hatua moja nyuma yangu, mkono begani, akisema kulia, kushoto, angalia ngazi, na mimi nikageuka kila aliposema nigeuke.